Maswali ya Wasomaji: Jua Hupatwaje?

Tumepokea barua kadhaa zinazohusu kupatwa kwa jua, na kwa kuwa zinagusana tumeona tuzijibu pamoja katika toleo hili. Barua zenyewe tumezifupisha, lakini maswali tumeyaacha kama wasomaji walivyoyauliza.

Mhariri, mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari wilayani Mbarali, mkoani Mbeya. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walifurika Rujewa kutazama jua likipatwa. Wanafunzi ninaowafundisha sasa walikuwa wadogo mno wakati ule, na kila tukifika kwenye mada hii huniuliza mambo mawili. Ikiwa Mwezi huizunguka Dunia kila mwezi, mbona jua halipatwi kila mwezi? Na ikiwa siku ile Mwezi ulilifunika jua, mbona hapakuingia giza? – Mwalimu, Mbarali

Mwalimu, wanafunzi wako wamegusa kiini chenyewe cha jambo hili, na majibu yao yanahitaji kwenda taratibu.

Jua hupatwa pale Mwezi unapopita katikati ya Jua na Dunia, kivuli chake kikaangukia sehemu fulani ya uso wa Dunia. Jua lenyewe halipatwi na lolote, kwani linaendelea kuwaka kama lilivyowaka jana, na mtu aliye nje ya kivuli, hata kama yuko nchi ya jirani na saa ni ileile, anaweza asione tofauti yoyote. Jambo hili haliwezi kutokea ila wakati wa giza la Mwezi, yaani zile siku ambazo Mwezi hauonekani usiku kwa sababu uko upande uliko Jua, na ile sehemu yake inayoangazwa imetupa kisogo. Wanaohesabu miezi kwa kuandama watalielewa hili upesi: kupatwa kwa jua huja mwishoni mwa mwezi wa Kiislamu, wala hakuji kamwe katikati yake. Jua lilipopatwa Rujewa, Mfunguo Pili ulikuwa unamalizika, na Mfunguo Tatu ukaandama mara baada ya hapo. Kupatwa kwa Mwezi ni kinyume chake, kwa kuwa hutokea usiku wa mwezi mpevu, Dunia inapokuwa katikati.

Sasa swali la kwanza. Lau njia ya Mwezi ingelala sawasawa na njia ambayo Dunia hulizunguka Jua, tungeona jua likipatwa kila mwezi bila kukosa. Lakini njia ya Mwezi imeinama kwa nyuzi 5 na kidogo. Mwinamo huo unaonekana mdogo hadi pale unapokumbuka umbali wa Mwezi, ambao kwa wastani ni kilomita 384,400. Kwa umbali huo, nyuzi 5 zinatosha kuupeleka Mwezi zaidi ya kilomita 30,000 juu au chini ya mstari unaotoka kwenye Jua kuja kwetu, ilhali nusu kipenyo cha Dunia yetu hakizidi kilomita 6,400. Ndiyo maana miezi mingi kivuli cha Mwezi hupita mbali juu ya Ncha ya Kaskazini au mbali chini ya Ncha ya Kusini, kikapotelea angani bila kugusa ardhi wala bahari.

Darasani unaweza kulionyesha hili kwa rimu mbili za baiskeli, moja ikiwa imepita ndani ya nyingine na kuinamishwa kidogo. Wanafunzi wataona kwamba rimu hizo zinakatana mahali pawili tu, pande mbili zinazokabiliana. Mahali hapo pawili, ambapo wanaastronomia hupaita nodi, ndipo Mwezi unapokuwa juu ya mstari uleule wa Jua. Ili jua lipatwe, Mwezi lazima uwe gizani na wakati huohuo uwe kwenye nodi au karibu nayo. Kwa jinsi tunavyoliona kutoka duniani, Jua huipitia kila nodi kwa zamu, na kutoka nodi moja hadi nyingine ni takriban siku 173, yaani miezi sita kasoro kidogo. Kila linapofika huko hufunguka msimu wa kupatwa unaodumu zaidi ya mwezi mmoja, na kwa kuwa Mwezi hurudi gizani kila baada ya siku 29 na nusu, hakuna msimu unaoweza kupita bila jua kupatwa mahali fulani duniani. Kwa hiyo kila mwaka jua hupatwa angalau mara mbili, na mara nyingi zaidi linavyoweza kupatwa kwa mwaka mmoja ni tano. Nodi zenyewe hazitulii, huhama taratibu na kumaliza mzunguko wao katika miaka 18.6, jambo linaloifanya misimu isikae kwenye tarehe zilezile: mwaka 2016 ilikuwa Machi na Septemba, na mwaka 2027 ni Februari na Agosti.

Swali la pili, la giza, linategemea ukubwa na umbali. Kipenyo cha Jua ni kilomita 1,392,000 hivi na cha Mwezi ni kilomita 3,474, maana yake Jua lina upana wa Mwezi mara 400. Lakini Jua liko mbali nasi takriban mara 400 kuliko Mwezi ulivyo mbali, kwa hiyo vyote viwili huonekana kwa macho yetu vikiwa na upana wa takriban nusu nyuzi. Hakuna kanuni ya maumbile inayolazimisha iwe hivyo. Hata si jambo la kudumu, kwani Mwezi unazidi kujitenga na Dunia kwa takriban sentimita 3.8 kila mwaka, na baada ya mamia ya mamilioni ya miaka hautaweza tena kulifunika Jua lote. Sisi tumeishi katika zama ambazo vipimo hivi vinakaribiana sana, nami naliona hilo kuwa neema ya ajabu.

Kukaribiana, hata hivyo, si kulingana. Njia ya Mwezi si duara kamili, na kwa sababu hiyo umbali wake hubadilika kutoka takriban kilomita 356,500 unapokuwa karibu hadi takriban kilomita 406,700 unapokuwa mbali. Kivuli chake kizito kina umbo la pia, pana upande wa Mwezi na lililochongoka upande wetu, na urefu wake kwa wastani ni kilomita 373,000 hivi. Linganisha tarakimu hizo na utaona kwamba mara nyingi ncha ya kivuli haiifikii ardhi kabisa. Hapo mtazamaji aliye chini huuona Mwezi ukiwa mdogo kuliko Jua, umekaa ndani ya duara lake, na ukingo wa Jua umebaki pande zote kama pete. Ndivyo ilivyokuwa Rujewa. Muda mfupi kabla ya saa sita mchana, kwa takriban dakika tatu, Mwezi ulifunika asilimia 97 hivi ya upana wa Jua, ambayo ni sawa na asilimia 95 hivi ya eneo la sura yake.

Ile asilimia 5 iliyobaki ndiyo iliyozuia giza. Mwanga wa Jua huushinda ule wa mwezi mpevu takriban mara 400,000, kwa hiyo pete ile nyembamba peke yake ilikuwa na mwanga wa miezi mipevu kama 20,000. Nuru ilififia, joto likapungua, lakini usiku haukuingia wala nyota hazikutokeza. Wakazi wa Nairobi waliona jambo la aina hiyohiyo asubuhi ya Ijumaa, tarehe 15 Januari 2010, pete ilipokaa juu yao kwa zaidi ya dakika sita. Upande wa pili wa mpaka huo mwembamba uko mfano wa tarehe 3 Novemba 2013, siku ambayo ncha ya kivuli iliigusa ardhi kwa taabu: huko Pakwach nchini Uganda na kando ya Ziwa Turkana nchini Kenya Jua lilifunikwa lote, lakini kwa sekunde chache tu.

Ninaishi Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika. Jua huchomoza mashariki na kutua magharibi, lakini nilisoma kwamba kivuli cha mwaka 2016 kilitoka upande wa Gabon, kikapita Kongo na Tanzania, kisha Msumbiji na Madagaska. Kwa nini kivuli kilikwenda kinyume na Jua?

Ndugu msomaji, safari ya kila siku ya Jua kutoka mashariki hadi magharibi ni matokeo ya Dunia kujizungusha, wala Jua halisafiri kutuzunguka. Mwezi nao huonekana ukielekea magharibi kwa sababu hiyohiyo, ingawa katika njia yake halisi unaizunguka Dunia kuelekea mashariki. Utalithibitisha hilo ukiutazama usiku mbili mfululizo saa ileile, kwa maana usiku wa pili utaukuta umesogea mashariki ya mahali ulipouacha.

Mwendo wake katika njia hiyo ni takriban kilomita 3,700 kwa saa, na kivuli chake kinakwenda nao. Ardhi yetu hapa karibu na Ikweta inazunguka kuelekea mashariki pia, kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, kwa hiyo kivuli huipita na kuendelea mbele. Kinachobaki ni mwendo wa kilomita 2,000 hivi kwa saa saa za mchana, unaozidi sana kule ambako Jua liko chini karibu na upeo wa macho. Tarehe 30 Juni 1973 wanasayansi walipanda ndege ya Concorde, iliyoweza kwenda kwa kasi inayokaribiana na hiyo, wakaruka juu ya Sahara wakiandamana na kivuli, na kwa njia hiyo wakakaa ndani yake kwa dakika 74. Mtu aliyesimama ardhini siku ile, hata mahali pazuri kuliko pote, hakupata zaidi ya dakika 7 na sekunde 4.

Assalaam alaykum. Mimi ni mke wa mtu hapa Mombasa na nina mimba ya miezi mitano. Mama mkwe ameniambia jua likipatwa nisitoke nje wala nisishike kisu, mtoto asije akazaliwa na kilema. Sitaki kumvunjia heshima, lakini nataka kujua kama kuna ukweli.

Waalaykum salaam, dada. Hakuna ukweli wa kitaalamu katika jambo hilo, na tunakuambia hivyo ili moyo wako utulie. Wakati jua linapatwa hakuna miali mipya inayozaliwa; miali inayofika ardhini ni ileile ya siku zote, ila imepungua kwa kuwa Mwezi umezuia sehemu yake. Kinachokuja juu ya mtu aliye uwanjani ni kivuli, na kivuli cha Mwezi hakina nguvu ya kupenya tumbo la mama kuliko kilivyo kivuli cha nyumba. Kisu nacho ni hatari kwa vidole vya anayekishika vibaya, siku hiyo na siku nyingine zote.

Kwa kuwa umetusalimu kwa salamu hiyo, tunaona vyema tukukumbushe habari ambayo huenda mama mkwe naye anaijua. Siku aliyofariki Ibrahim, mwana mdogo wa Mtume Muhammad (S.A.W.), jua lilipatwa mjini Madina, na wengi wa wanahistoria huiweka siku hiyo kuwa tarehe 27 Januari 632. Watu wakaanza kusema kwamba jua limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Mtume, akiwa mwenyewe ndiye mfiwa, aliwakatalia. Akawafundisha kwamba Jua na Mwezi ni ishara miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu na kwamba havipatwi kwa sababu ya kufa wala kuishi kwa mtu yeyote, kisha akawaelekeza kwenye swala, na hiyo ndiyo swala ya kupatwa kwa jua inayosaliwa hadi leo katika misikiti ya pwani yetu. Neno hilo lilisemwa na baba aliyekuwa amezika mwanawe siku hiyo, na kwa sababu hiyo tunaliona lina uzito wa pekee.

Ukiamua kukaa ndani ili nyumba iwe na amani, hapana ubaya, na mtoto hatakosa chochote. Ukitoka, jilinde macho tu, kama anavyopaswa kujilinda kila mtu. Jambo hilo la macho tumelieleza zaidi hapa chini.

Babu zangu walitoka Unguja nami nimezaliwa Muscat. Nimesikia kwamba tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote upande wa Misri na Saudia. Wataalamu wanazijuaje tarehe hizi miaka mingi kabla? Na sisi wa Oman na ndugu zetu wa Afrika Mashariki tutaona nini?

Ulichosikia ni sahihi. Jumatatu hiyo, tarehe 2 Agosti 2027, kivuli kizito cha Mwezi kitaanzia Bahari ya Atlantiki, kipite kusini mwa Hispania na kaskazini mwa Afrika, kivuke Misri na Bahari ya Shamu, kiingie Jeddah na Makka, kiendelee hadi Yemen na ncha ya kaskazini mashariki ya Somalia, kisha kimalizikie Bahari ya Hindi. Karibu na Luxor, nchini Misri, giza litadumu kwa dakika 6 na sekunde 23, na Makka kwa dakika tano na ushei. Ninyi wa Oman mtaona sehemu ya Jua ikifunikwa, na walio Salalah watafunikiwa zaidi kuliko walio Muscat kwa kuwa wako karibu zaidi na njia ya kivuli. Kenya, Uganda na Tanzania nako Jua litaonekana limemegwa upande mmoja, kidogo zaidi kadiri mtu anavyokwenda kusini. Mwenye uwezo wa kusafiri hadi kwenye njia yenyewe asiridhike na kumegwa huko, kwa maana Jua lililofunikwa asilimia 99 na Jua lililofunikwa lote ni vitu viwili visivyofanana hata kidogo.

Tueleze tofauti hiyo. Dakika chache kabla ya kufunikwa kote, mwanga hugeuka rangi ya risasi, na upande wa magharibi giza la kivuli huonekana likija. Ukingo wa Mwezi haukunyooka, una milima na mabonde, kwa hiyo uzi wa mwisho wa Jua haukatiki mara moja. Hukatika vipande vipande, kila kipande kikiwa ni mwanga unaopenya kwenye bonde moja la Mwezi, na huo msururu wa vitone vya nuru ndio unaoitwa shanga za Baily, kwa jina la mwanaastronomia Mwingereza Francis Baily aliyezieleza baada ya kuziona mwaka 1836. Shanga huzimika moja baada ya nyingine hadi ibaki moja inayong'aa peke yake, na hiyo nayo ikizimika, korona hujitokeza: angahewa ya nje ya Jua, nyeupe, yenye miale mirefu kuzunguka duara jeusi, ambayo joto lake hupita nyuzi milioni moja lakini siku zote humezwa na mng'ao wa Jua lenyewe. Sayari huonekana mchana. Asilimia 99 haikuonyeshi lolote kati ya haya, kwa kuwa ile moja iliyobaki bado ina mwanga wa kuishinda korona mara nyingi mno.

Kuhusu tarehe, siku hizi wataalamu hukokotoa mahali pa Jua na Mwezi kwa kompyuta na kupata wakati wa kupatwa kwa usahihi wa sekunde. Lakini zamani sana kabla ya kompyuta, watu wa Babeli, waliokuwa wakiandika matukio ya angani kwenye vibao vya udongo kizazi baada ya kizazi, waligundua kwamba kupatwa hujirudia kila baada ya miaka 18, siku 11 na saa 8 hivi. Kipindi hicho kinaitwa Saros. Baada yake, Mwezi unakuwa umerudi gizani, umerudi kwenye nodi ileile, na umerudi karibu na umbali uleule kutoka Dunia, kwa hiyo kupatwa kunakofuata hufanana sana na kulikotangulia.

Zile saa 8 ndizo zenye mambo. Katika saa 8 Dunia huwa imejizungusha theluthi moja zaidi, kwa hiyo kupatwa kunakofuata huangukia theluthi ya dunia upande wa magharibi. Ukihesabu vipindi vitatu, saa 8 mara tatu hutimiza siku nzima, na kivuli hurudi karibu na upande uleule wa dunia baada ya miaka 54 na mwezi mmoja. Basi tuirudishe nyuma tarehe yako. Miaka 54 na mwezi mmoja kabla ya tarehe 2 Agosti 2027 ni tarehe 30 Juni 1973, siku ya ile ndege ya Concorde, siku ambayo kivuli kilipita pia kaskazini mwa Uganda na kwenye Ziwa Turkana nchini Kenya, lililoitwa wakati huo Ziwa Rudolf. Rudi nyuma tena kwa kipimo hicho na utafika tarehe 29 Mei 1919. Kivuli siku hiyo kilitoka Amerika ya Kusini kikavuka Atlantiki, kikapita kisiwa cha Príncipe, kikaingia Kongo na kufika Ziwa Tanganyika, alipo ndugu yetu wa Kalemie. Kule Príncipe alikuwepo mwanaastronomia Mwingereza Arthur Eddington, na wenzake walikuwa Sobral nchini Brazil, wakizipiga picha nyota zilizoonekana karibu na Jua lililofunikwa ili wapime kama mwanga wake umepindishwa na uvutano wa Jua. Vipimo vyao viliunga mkono nadharia ya Albert Einstein, na tangu hapo jina lake likajulikana dunia nzima.

Kwa hiyo 1919, 1973 na 2027 ni familia moja, ambayo wataalamu wameipa namba 136. Angalia pia jinsi kivuli kilivyopanda kutoka Tanganyika hadi Turkana, na sasa hadi Luxor na Makka. Kipindi cha Saros hakirudishi Mwezi mahali palepale hasa, huuacha umepungukiwa kidogo, na katika familia hii tofauti hiyo husogeza kivuli kaskazini kila mara. Familia ilianza mwaka 1360 karibu na Ncha ya Kusini na itakwisha mwaka 2622 karibu na Ncha ya Kaskazini. Miaka 54 baada ya 2027, yaani Septemba 2081, zamu ya familia hii itakuwa ya Ulaya na Mashariki ya Kati.

Shikamoo mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili mkoani Iringa. Nyumbani walituambia tutazame jua linalopatwa kwenye karai la maji, na wengine walitumia filamu ya eksirei. Je, ni salama? Na ni lini tena tutaona pete Tanzania?

Marahaba. Hapana, si salama, tena tunaomba uwaeleze na wa nyumbani. Jua likiwa juu, maji yaliyotulia hurudisha takriban sehemu moja ya 50 ya mwanga wake, na likiwa chini hurudisha zaidi. Miwani maalumu ya kutazamia kupatwa, iliyotengenezwa kwa kiwango cha ISO 12312-2, haipitishi zaidi ya takriban sehemu moja ya 30,000. Utaona kwamba anayetazama kwenye karai anapokea mwanga mara mamia kadhaa kuliko unaoruhusiwa. Filamu ya eksirei, miwani ya kawaida ya jua hata ikiwa nyeusi vipi, na kioo kilichopakwa masizi vinadanganya zaidi, kwa sababu vinapunguza mng'ao ili jicho lisiumie, huku miali ya joto isiyoonekana ikiendelea kupita. Retina, ile ngozi ya ndani ya jicho inayopokea taswira, haina mishipa ya maumivu. Inaungua kimya, na mtu hugundua saa kadhaa baadaye kwamba katikati ya kila anachokitazama pana kiwaa, na pengine kisiondoke maisha yake yote. Kioo cha mafundi wa kuchomelea kinafaa ikiwa ni namba 14. Miwani maalumu ikiwa na mkwaruzo au tundu, itupwe. Jua linapopatwa kwa umbo la pete usiivue miwani hata kidogo. Ruhusa ya kutazama kwa macho matupu ipo pale tu Jua linapofunikwa lote, na inakoma mwanga wa kwanza unaporudi.

Msiokuwa na miwani mnayo njia nyingine, nasi tunaipenda kuliko zote kwa kuwa haina gharama na darasa zima linatazama pamoja. Toboa kitundu kidogo kwa pini kwenye kadi ngumu, lipe Jua mgongo, kisha uache mwanga upite kwenye kitundu na kuangukia karatasi nyeupe. Mtakachokiona kwenye karatasi ni sura ya Jua lenyewe, limemegwa vilevile lilivyomegwa angani, ila limepinduliwa. Kadi ikiwa mita moja kutoka kwenye karatasi, sura hiyo itakuwa na upana wa milimita 9 hivi. Mkiirudisha nyuma hadi mita mbili, upana utakuwa mara mbili, ingawa sura itafifia. Chini ya mwembe kazi hiyo hufanywa na majani, kwa kuwa kila upenyo kati ya jani na jani ni kitundu, na ardhi yote hujaa hilali ndogondogo, au pete ndogondogo ikiwa ni siku ya pete. Msitazame kupitia kitundu, tazameni karatasi au ardhi.

Pete itapita tena Tanzania Jumatano, tarehe 21 Mei 2031, ikitokea Angola, Zambia na Kongo, na kutoka kwetu itavuka Bahari ya Hindi kuelekea kusini mwa India. Watakaokuwa nje ya njia yenyewe katika nchi zetu wataona Jua limemegwa, kwa hiyo kadi yenye kitundu itawafaa wote.